Mkono Usiojiondoa

Bei ya nchi yetu ni mwoga. Si maneno yangu; yamo kwenye Katiba, baada ya bendera na kabla ya haki za raia. Bei ikimwona mtu mkubwa anakuja na mzigo mkubwa, hushtuka na kukimbia, na ikishakimbia hairudi na afya yake ya mwanzo. Kwa hiyo serikali yetu, ambayo inaipenda bei kuliko baadhi ya wazazi wanavyowapenda watoto wao, iliitafutia mahali ambapo haitaona kitu.

Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba haliruhusiwi kutamkwa saa za biashara, na saa za biashara kwetu hazijulikani zinaisha lini.

Zamani tulikuwa na soko la hisa la wazi, lenye madirisha, feni na ubao. Anayetaka kununua anasema, anayetaka kuuza anasema, wote wanasikia, na bei inapatikana hapo katikati. Sisi akina yakhe tuliona ni sawa tu. Wenye shida walikuwa wakubwa, na wakubwa kwetu si watu, ni mashirika: Shirika la Bima, Akiba ya Polisi, na mkubwa wao wote, Mfuko wa Wastaafu, unaotunza pensheni za kila aliyewahi kuitumikia serikali. Mfuko ukisema tu kwamba unafikiria kuuza hisa zake za Kiwanda cha Saruji, kabla haujamaliza kufikiria, bei ilikuwa imeshalala sakafuni.

Ndipo Waziri wa Utulivu wa Bei, Mheshimiwa Kidundule, akaja na dawa. Nilikuwepo uwanjani alipoitangaza.

"Ndugu wananchi," alisema, "babu yangu alikuwa dalali wa ng'ombe. Mnadani, yeye na mteja wake walifunika mikono yao kwa shuka wakaongea kwa vidole. Waliosimama pembeni hawakujua kitu. Ng'ombe mwenyewe hakujua kitu. Na jioni kila mtu alikula nyama. Leo ninyi mnataka kuona. Kuona kumetufikisha wapi? Serikali yenu sikivu imeamua kuifunika nchi nzima shuka, na tutaanza na jengo moja."

Tulipiga makofi. Ng'ombe hakutajwa tena.

*

Jengo likajengwa, likaitwa Ukumbi wa Giza. Halina dirisha. Ndani limepakwa lami mpaka darini. Siku ya ufunguzi Mheshimiwa alikata utepe humo gizani, pamoja na tai ya balozi mmoja ambaye mpaka leo hajalalamika rasmi.

Mimi ni dalali wa Ukumbi huo. Nauza kwa niaba ya Mfuko wa Wastaafu. Nyumbani nasema niko Idara ya Mbegu, maana sheria inanikataza kusema ninakofanya kazi, hata kwa mke wangu. Mke wangu, Mwatumu, yuko Idara ya Maji. Ndivyo anavyosema, na mimi sina sababu ya kumtilia shaka.

Kazi yenyewe ni rahisi. Unaingia ukiwa umeshika kamba, kamba inakufikisha kwenye meza, unaingiza mkono chini ya shuka, na huko chini mkono mwingine unakuja kukutana na wako. Hakuna kuzungumza. Hakuna kubishania bei, kwani bei inasomwa mlangoni, imechukuliwa kutoka soko la wazi, katikati ya anachotaka muuzaji na anachotoa mnunuzi. Vidole vinasema jambo moja tu: mafungu mangapi ya hisa. Kisha kengele inalia. Ukitoa mkono kabla ya kengele, umekataa. Mkono usiojiondoa kengele ikilia, umekubali. Dalali anayejiondoa bila sababu hufukuzwa kazi, na sababu haziruhusiwi kuelezwa.

Kila mikono inapokubaliana, Ukumbi hukata kipande cha mzigo. Inaitwa ada ya giza. Haichukuliwi kwa fedha bali kwa hisa zenyewe, na ada ya chini kabisa ni fungu moja. Watu huniuliza Ukumbi ni wa nani. Haijulikani. Mwenyewe naye yumo gizani, na ni haki yake.

Vipofu wengi waliomba kazi siku za mwanzo. Walikataliwa wote kwa sababu walikuwa na uzoefu.

*

Mama mkwe wangu, Bi Sauda, anaishi nasi. Alikuwa mkunga wa serikali, na nusu ya mtaa wetu ilipokelewa duniani na mikono yake, ndiyo maana anawasema watu wazima bila aibu. Sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema unafanyika upasuaji mdogo tu na ataona tena, pensheni yake ikilipwa. Pensheni inatoka kwenye gawio, ile sehemu ya faida ambayo Kiwanda cha Saruji huwapa wenye hisa. Hivyo basi, hisa ninazouza mimi ndizo macho ya mama mkwe wangu. Mwanzoni sikuliona jambo hilo. Nilikuwa nimeajiriwa nisione.

Sasa kuna jambo nataka lieleweke vizuri. Wiki yangu ya kwanza, mkono mmoja ulikuja chini ya shuka. Sikuutambua. Ulikuwa na kovu kwenye kidole gumba, la mbuzi ya kukunia nazi, na pete yenye ufa ambayo niliinunua mimi kwa sonara aliyenidanganya. Ulikuwa na tabia ya kukuna kiganja cha mwenzake kidogo kabla ya kusema lolote, kama Mwatumu anavyofanya akitaka nimsogezee shuka. Lakini sikuutambua. Kutambua ni kosa, miaka saba. Kutambuliwa ni kosa kubwa zaidi, maana inaonyesha uzembe.

Tukakubaliana mafungu mengi siku ile. Jioni nilimkuta Mwatumu anachambua mchele.

"Maji yalikuwaje leo?" nikauliza.

"Yalitoka," akasema. "Mbegu je?"

"Zinaota."

Aliendelea kuchambua mchele. Nilimpenda sana jioni ile, na sikuwa na njia ya kumwambia ni kwa nini.

*

Siku moja dalali wa Bima alisahau alipo. Chini ya shuka alishika mkono akasema kwa sauti, "Ah, shemeji, umerudi lini?" Wote wawili wako gerezani, seli tofauti, na shemeji mpaka sasa hajajibu amerudi lini.

Baada ya hapo serikali ilileta barafu. Kila asubuhi madalali tunapanga foleni mbele ya mabeseni, wauzaji mlango huu na wanunuzi mlango ule, tunatia mikono mpaka viwiko, na Msimamizi wa Giza, Bwana Chubwa, anapita akitukumbusha kwamba joto la mkono ni taarifa, na taarifa ikivuja bei itasikia. Mwishoni kuna muuguzi mwenye sindano. Anakuchoma kwenye ncha ya kidole anauliza, "Nini hicho?" Jibu sahihi ni "Sijui." Ukisema "Aa," unarudi kwenye beseni.

Wiki za mwanzo mkono uliamka wakati wa chakula cha mchana. Baadaye ukawa unaamka jioni. Baadaye ukaona hakuna haja.

Kovu sikulisikia tena, wala pete. Nilikuwa nauuzia mkono fulani, basi. Nyumbani Mwatumu aliacha kushona kwa sababu sindano zilimpotea vidoleni. Mimi niliungua kwa birika nikajua kwa harufu. Hatukusema kitu. Idara ya Mbegu haina barafu.

Bi Sauda ndiye aliyesema. Anapenda kushikwa mkono akienda uani.

"Mkwe wangu Mbwana, mkono wako baridi kama pua ya mbwa."

"Ni ghala, Mama. Mbegu zinahifadhiwa kwenye baridi."

Akamwita binti yake, akamshika naye. "Na maji nayo yanahifadhiwa kwenye baridi?"

"Ndiyo, Mama," akasema Mwatumu.

"Nchi hii imeendelea," akasema Bi Sauda.

*

Wakati huohuo kulitokea usumbufu mdogo kuhusu bei. Wakubwa wote walikuwa wamehamia gizani, soko la wazi likabaki na feni zake. Lakini Ukumbi unaazima bei kutoka huko nje. Asubuhi moja Bwana Chubwa alikwenda na gari la serikali kuichukua bei, hakumkuta muuzaji wala mnunuzi. Alimkuta mama muuza karanga kwenye kivuli cha ubao, anagombana na mteja. Mama anataka kiasi hiki, mteja anatoa kile. Bwana Chubwa akachukua katikati, akarudi nayo.

Toka hapo saruji ya nchi yetu inafuata karanga. Mvua ikinyesha na karanga zikalowa, saruji inashuka. Mama akiamka vibaya, inapanda. Mheshimiwa Kidundule alituambia redioni kwamba soko letu sasa limefungamana na kilimo, jambo ambalo wataalamu wamelililia miaka mingi. Mama wa karanga alipewa walinzi wawili, nao wanakula karanga bila kulipa.

*

Ikafika Siku ya Wastaafu. Mfuko huwapa wafanyakazi wake zawadi ya doti ya kanga, imeandikwa MFUKO UNAKUKUMBUKA. Nilimletea Bi Sauda kanga yangu nikaiweka mapajani mwake, nikasema nimeikuta inauzwa. Hajamaliza kushukuru, Mwatumu akaingia, naye akamwekea mama yake kanga mapajani.

Nikaitazama. Mwatumu akaitazama yangu. Rangi ileile, maandishi yaleyale, harufu ileile ya wino.

Bi Sauda akazipapasa zote mbili, upindo kwa upindo.

"Idara ya Maji na Idara ya Mbegu," akasema, "zinanunua kanga duka moja?"

Kanga ile hapewi mtu ila mfanyakazi wa Mfuko. Mimi niko Kitengo cha Mauzo, jengo la kusini mwa mji, na kazi tuliyopewa ni kupunguza hisa za saruji. Kumbe huko upande wa kaskazini Mfuko una Kitengo cha Manunuzi, kilichopewa kazi ya kuongeza hisa za saruji, na vitengo haviruhusiwi kukutana ili visishawishiane. Miaka yote hii mkono niliokuwa nauuzia ulikuwa wa Mfuko. Mfuko ulijiuzia, ukajinunulia, ukaona una hisa ukajiuzia tena, na kila mara Ukumbi ulikata kipande chake. Sasa nilielewa kwa nini mzigo niliokuwa nauza ulikuwa unapungua kila mwezi wakati magazeti yanaandika kwamba biashara inakua.

Nilimtazama Mwatumu, naye alikuwa analijua hilo hilo wakati uleule. Ningesema neno moja tu ingekuwa miaka saba kwangu na zaidi kwake, maana yeye ndiye angekuwa ametambuliwa.

"Duka ni moja, Mama," nikasema. "Lina bei nzuri."

*

Nilijaribu njia ya halali. Nilimwendea Bwana Chubwa na swali la jumla, la kitaaluma tu.

"Mkuu," nikasema, "inawezekana mtu gizani akajikuta anajiuzia mwenyewe?"

Bwana Chubwa ni mtu mwenye subira. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza mbingu inaishia wapi.

"Bwana Mbwana," akasema, "gizani hakuna mwenyewe. Kukiwa na mwenyewe, hilo si giza. Unataka kuniambia katika Ukumbi wangu kuna mwanga?"

"Hapana, mkuu."

"Umeona kitu?"

"Sijaona kitu, mkuu."

"Basi tuko salama," akasema, akaniongezea dakika za barafu kwa kufikiri.

*

Lilibaki fungu moja. Mfuko mzima wa Wastaafu, walimu, wauguzi, makarani, wafagiaji wa bandari, ulikuwa umebaki na fungu moja la hisa za saruji, nami nikaagizwa kuliuza Alhamisi. Ijumaa Kiwanda kinatoa gawio. Hospitali ilipiga simu: wastaafu wagonjwa watalipwa kwanza, fungu hilo linatosha kwa hao, na Mfuko ukilipa Ijumaa, Bi Sauda aje Jumatatu asubuhi bila kula kitu.

Nimeshasema ada ya chini kabisa ni fungu moja. Mikono ikikubaliana Alhamisi, fungu lote linakuwa la Ukumbi. Mkono mmoja ukijiondoa kabla ya kengele, fungu linabaki, na Bi Sauda anaona. Hakuna zaidi ya hapo.

Jumatano tulikuwa tunakula, mchana, mlango wazi.

"Kesho huko kwenye maji," akasema Mwatumu, akitazama sahani, "nafikiri nitafunga bomba mapema. Kabla ya kengele."

Nikateremsha tonge. "Kwenye mbegu nako, nafikiri nitafunga ghala mapema."

"Wakikufukuza?"

"Tutauza maandazi."

"Nani atakanda," akasema, "na mikono hii?"

"Tutakanda kwa viwiko."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka muda mrefu, nikaona nimefanya kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Bi Sauda aliacha kutafuna.

"Kumbe maji na mbegu mna kengele moja," akasema. Akaendelea kula.

*

Alhamisi nilitia mikono kwenye beseni. Muuguzi akanichoma. "Nini hicho?"

"Sijui."

Nikashika kamba, nikafika kwenye meza, nikaingiza mkono chini ya shuka. Mkono mwingine ukaja. Nasema ukaja kwa sababu shuka lilisogea. Mimi mwenyewe sikuhisi kitu. Nikahesabu pumzi kidogo, kama ilivyo desturi, nikauambia mkono wangu utoke. Nikauambia tena, kwa mkazo, kutoka begani. Sikuhisi kitu kiganjani. Nikajua nimetoka.

Kengele ikalia.

Nilisimama nikisubiri kufukuzwa kazi, na nilikuwa na furaha, kidogo, mahali fulani karibu na kola. Bwana Chubwa akaja akifuata kamba, akaingiza mkono wake chini ya shuka.

"Hongereni," akasema. "Mmeshikana barabara."

"Mimi nimetoa mkono, mkuu," nikasema.

Ng'ambo ya meza sauti ya mwanamke ikasema, "Na mimi nimetoa." Sauti hiyo sikuitambua. Ni sauti inayoniuliza kila asubuhi kama nimeona ndara ya pili.

"Sauti haziruhusiwi," akasema Bwana Chubwa. "Mikono imeshasema."

Ilibidi atubandue kidole kimoja kimoja. Nilimsikia akihema. Nani alimshika mwenzake kwanza sijui, na pengine hakuna aliyemshika. Pengine ilikuwa mazoea tu ya mikono iliyoishi nyumba moja. Hatukufukuzwa kazi. Tulipewa nishani, kila mmoja kwenye foleni yake, gizani.

Jioni Mheshimiwa Kidundule alizungumza redioni. "Ndugu wananchi, Mfuko wetu wa Wastaafu leo umekuwa wa kwanza barani kutokuwa na mzigo wowote. Umetua. Na nataka mjue kwamba wakati wote huo bei haikushtuka hata mara moja."

Ni kweli, haikushtuka. Karanga zilikuwa zimesimama palepale toka asubuhi.

*

Hatukumwambia Bi Sauda. Tulikusudia, Ijumaa, kisha Jumamosi. Jumapili alioga mapema akachagua nguo. Jumatatu alitoka chumbani amejifunga moja ya zile kanga na kujitanda nyingine, hajala kitu, amejipaka wanja kwa kupapasa, akasema anataka daktari aanze na jicho la kushoto kwa sababu ndilo lenye adabu.

Tukampeleka. Hata njiani hatukusema. Karani wa dirishani alitafuta, akasema Mfuko haujaleta chochote na hautegemewi kuleta, mama arudi nyumbani anywe chai. Bi Sauda alimuuliza karani jina la mama yake. Akamtajia. "Nilikutoa wewe," akasema Bi Sauda. "Ulikuja miguu mbele. Ningekuachia tu." Karani aliomba radhi na kufunga dirisha.

Mwatumu alitangulia kwenda kuweka maji ya chai. Mimi nilirudi na Bi Sauda polepole, nimemshika mkono. Nilisikia huzuni, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani. Bi Sauda hakuuliza kitu njia nzima, na yeye si mtu wa kutouliza.

Tulipofika mlangoni alisimama.

"Niachie mkono, mkwe wangu, nivue viatu."

"Nimeshakuachia, Mama," nikasema.

Akauvuta mkono wake.

"Hujaniachia," akasema.

Nikatazama chini, na ni kweli, nilikuwa nimemshika.